Maua ya Maswa na Saa Zake: Namna ya Kuyatazama Mwaka Mzima

Wajapani wana neno hanami, maana yake kutazama maua. Miti ya sakura inapochanua Tokyo, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, familia hutandika chini yake, zikala na kuzungumza huku zimeinua macho. Maua yenyewe hukaa katika ubora wake kama wiki moja tu. Ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo ina mti wa kipimo kwenye uwanja wa hekalu la Yasukuni. Maofisa wakihesabu juu yake maua matano au sita yaliyofunguka, hutangaza kuwa msimu umeanza.

Huku Maswa, Usukumani, hatuna sakura. Tuna pamba, alizeti, dengu, miembe na migunga, na kila kimoja kina mwezi wake, vingine hata saa yake. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuyaangalia mazao yakiwa mzanini. Mtu amelima pamba miaka ishirini, lakini hajawahi kusimama mbele ya ua lake kwa dakika tano. Fuata hatua hizi ujionee.

Anza na mti wako wa kipimo

Chagua mti au shamba moja unalopita kila siku: mwembe wa uani, mjohoro wa barabarani, shamba la jirani. Tafuta daftari dogo. Siku utakapohesabu maua matano yaliyofunguka, andika tarehe. Andika pia siku mvua ya kwanza iliponyesha. Mwaka wa kwanza utakuwa na tarehe tu. Mwaka wa tatu utakuwa na kalenda ya kijiji chako, inayokueleza lini uwaite wageni. Kumbukumbu za sakura za Kyoto zinaanzia mwaka 812, na zilianza hivyohivyo, kwa mtu kuandika alichokiona.

Mwisho wa Januari hadi Machi: pamba

Hili ndilo ua la kwetu kuliko yote. Pamba iliyopandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba huanza kuchanua baada ya miezi miwili hivi. Nenda shambani saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Ua jipya utalikuta jeupe lenye umanjano wa maziwa, limefunguka kama kikombe. Lifunge uzi kwenye kikonyo, kisha urudi kesho yake. Utalikuta limegeuka waridi. Baada ya hapo hunyauka na kudondoka, likiacha tumba changa. Kwa hiyo ukiona shina moja lina maua meupe na ya waridi kwa pamoja, usidhani ni mbegu mbili tofauti. Jeupe ni la leo, la waridi ni la jana.

Maua huanza matawi ya chini na kupanda juu. Yakifika karibu na kilele, jua msimu wake unaisha. Kwa anayekaa mjini bila shamba, bamia chache bustanini zinatosha, kwani bamia na pamba ni ukoo mmoja. Ua la bamia nalo hufunguka asubuhi, la manjano hafifu lenye moyo wa zambarau.

Machi na Aprili: alizeti

Watu husema alizeti hugeuka na jua kutwa nzima. Ni kweli kwa alizeti changa. Kichwa kikishakomaa na kufunguka, hutulia kikitazama mashariki. Hapo ndipo penye siri ya kutazama na kupiga picha: fika mapema, simama upande wa mashariki wa shamba, jua liwe mgongoni kwako. Shamba zima litakuwa linakutazama usoni. Ukifika jioni kwa upande wa magharibi, utaona visogo.

Sogea uchunguze kichwa kimoja. Lile unaloliita ua ni mamia ya maua madogo yaliyojipanga, yanayofunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Nyuki wanajua pete ipi imefunguka leo, wafuate wao.

Miezi hiyohiyo pita kwenye majaluba. Mpunga nao huchanua, kwa saa moja au mbili tu kabla ya adhuhuri. Ua lake ni dogo kama punje, lakini ukiinama utaona vijiuzi vyeupe vikining'inia kwenye suke.

Mei na Juni: dengu

Mvua zikiisha, wengi hudhani maua nayo yameisha. Nenda kwenye udongo mweusi wa mbuga, mahali dengu zilipopandwa kutumia unyevu uliobaki. Maua yake ni madogo, ya zambarau iliyochanganyika na waridi, na hayaonekani ukiwa juu ya pikipiki. Shuka, chuchumaa.

Juni hadi Oktoba: kiangazi kina maua yake

Mwembe huvaa mashada ya rangi ya maziwa, na harufu yake huwa nzito asubuhi. Migunga mingi huchanua kiangazi kinapoelekea mwisho, mingine vidonge vya manjano, mingine mikia myeupe. Mahali pazuri pa kuiona ni kwenye ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili yafae kiangazi. Omba ruhusa kwa mwenye ngitili, simama chini ya mti, nyamaza. Utausikia mgunga kabla hujauona vizuri, kwa sababu ya nyuki.

Oktoba, ukiwa na safari ya Mwanza au Arusha, inua macho utafute mijakaranda na zambarau yake. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kusini.

Novemba na Desemba: mvua ya kwanza

Mkrismasi, ule mti wa kivuli kipana uliotoka Madagaska, huwaka mwekundu mwaka unapofunga. Panga chakula cha familia chini yake siku wageni wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Mwenye nauli na likizo ndefu anaweza kufika Kitulo, kwenye milima ya Mbeya na Njombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Watu huiita Bustani ya Mungu. Maua yake, okidi zikiwemo, huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili.

Adabu na tahadhari

Shamba ni la mtu. Mwamkie kwanza: "Mwangaluka, mayu," au "Mwangaluka, baba," kisha eleza shida yako. Uliza dawa ya wadudu ilipigwa lini. Kama ni juzi au jana, tazama ukiwa pembeni, na watoto wasiingie kabisa. Vaa viatu vilivyofunika miguu. Usichume ua la pamba hata moja, kwa sababu kuchuma ua ni kuchuma tumba. Manukato makali yaache nyumbani unapokwenda walipo nyuki.

Beba mkeka, maji, karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mchukue pia bibi au babu. Yeye ndiye mwenye majina ya Kisukuma ya miti na maua ambayo hayamo kwenye daftari lako. Andika kila jina analolitaja, mbele yake, umsomee asahihishe.

Mwezi wa kupima pamba

Ule uzi uliofunga kwenye kikonyo mwezi wa pili usiufungue. Siku hamsini hivi baadaye tumba lake litapasuka, na pamba itatoka. Wakati wa mavuno litafute, ulichume wewe mwenyewe, ulikamate mkononi kabla hujalitia kwenye gunia. Kisha mwoneshe mtoto ukurasa wa daftari wenye tarehe ya asubuhi ile lilipokuwa jeupe, na ya kesho yake lilipogeuka waridi.