Kabla ya kutuma dipoziti: piga hesabu ya mwezi mzima, si kodi pekee

Ukisema unahamisha familia, swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu ni, "Kodi ni ngapi huko?" Ni swali zuri, lakini halitoshi. Kodi hulipwa mara moja kwa mwezi, kwa hivyo tunaikumbuka. Nauli, maji ya mtungi, gari la shule na boda ya kwenda kliniki hutoka kidogo kidogo kila siku, na hizo ndizo hutumaliza bila sisi kujua.

Katika somo hili tutapiga hesabu ya kuishi mahali kwa mwezi mzima, tutaangalia mambo ambayo mtoto mdogo anahitaji karibu na nyumba, halafu tutaonyesha jinsi ya kulipa dipoziti bila kuangukia mikononi mwa matapeli.

Anza na simu yako

Kabla hujatazama nyumba hata moja, omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita. Chukua daftari, gawanya ukurasa katika mafungu sita: kodi, nauli, maji, stima, shule na afya. Pitia mstari kwa mstari na uweke kila malipo kwenye fungu lake. Zile unazolipa kwa pesa taslimu, kama nauli ya matatu, kadiria kwa siku kisha uzidishe kwa siku za kazi.

Ukimaliza, utajua unaishi kwa pesa ngapi hapo ulipo. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa unaweza kuuliza swali lenye maana: nikienda mtaa ule, ni fungu gani litapanda na ni gani litashuka?

Mfano: nyumba mbili, kazi moja

Tuseme familia inatoka Nakuru. Baba amepata kazi Industrial Area, Nairobi, siku sita kwa wiki. Wana watoto wawili: mmoja ana miaka 5 na yuko PP2, mwingine ana miezi 8. Wameonyeshwa nyumba mbili. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Nyumba ya kwanza iko Kitengela, kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji. Ni vyumba viwili vya kulala.
- Kodi: 14,000
- Nauli, 300 kwa siku, siku 26: 7,800
- Maji ya kununua: 2,000
- Gari la shule: 4,000
- Jumla: 27,800

Nyumba ya pili iko Imara Daima, karibu na kazi. Ni chumba kimoja cha kulala.
- Kodi: 20,000
- Nauli, 100 kwa siku, siku 26: 2,600
- Maji: 800
- Shule, mtoto anatembea: 0
- Jumla: 23,400

Umeona? Nyumba yenye kodi ya juu kwa shilingi 6,000 ndiyo nafuu kwa shilingi 4,400 kila mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 52,800.

Lakini usikimbie kusema Kitengela ni ghali. Hesabu ni ya familia, sio ya mtaa. Kama kazi ingekuwa EPZ pale Athi River, nauli ya Kitengela ingeshuka na majibu yangegeuka. Kama mama naye ana kazi, weka nauli yake pia. Na kama familia inahitaji chumba cha pili kwa sababu shosho anakuja kusaidia kulea, basi chumba kimoja cha Imara Daima si nafuu, ni kujibana.

Saa pia ni gharama

Kuna kitu ambacho hakitaonekana kwenye taarifa ya miamala. Mzazi anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku huwaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala. Wanaonana Jumapili. Pia dada wa kazi au jirani anayemshika mtoto atataka kulipwa kwa saa hizo za ziada.

Kwa hivyo chini ya kila jumla, andika namba ya pili: saa za barabarani kwa siku. Ukiwa na nyumba mbili ambazo jumla zake zinakaribiana, hiyo namba ya pili iwe ndiyo inaamua.

Mambo manne ya kuuliza ukiwa na mtoto mdogo

1. Maji yanatoka wapi?

Usiulize tu kama maji yapo. Uliza ni ya kaunti au ni ya kisima, na yanakuja siku ngapi kwa wiki. Visima virefu vingi vya Nairobi na viunga vyake, pamoja na maeneo ya Bonde la Ufa, vina floridi nyingi. Watu wa Nakuru, Njoro na Gilgil hawahitaji kuelezwa. Wameona meno ya rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Mtoto ndiye huumia zaidi, kwa sababu meno yake ya kudumu yanajijenga ndani ya ufizi kabla hajafika miaka 8 hivi. Na hapa wengi hukosea: kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa kuchemka, floridi inabaki. Kama ploti inatumia kisima, weka kwenye hesabu pesa za maji mengine ya kunywa na kupikia, au uulize kama kuna tangi la maji ya mvua.

2. Kliniki iko umbali gani kwa miguu?

Mtoto wa miezi 8 anakaribia chanjo ya surua na rubela, ambayo hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kuhama kusivunje ratiba hiyo. Chanjo za ratiba ya serikali ni bure katika vituo vya umma, lakini kituo kikiwa mbali, boda ya kwenda na kurudi si bure. Kitabu cha kliniki kisiingie kwenye lori pamoja na sufuria. Kibebe mwenyewe mkononi.

Hakikisha pia familia yote imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Watoto nao waandikwe kama wategemezi wako. Mambo haya yamalizwe kabla ya siku ambayo mtoto atapata homa usiku katika mtaa msiojua mtu.

3. Shule ina nafasi?

Shule za msingi za umma hazitozi karo tangu 2003, lakini madarasa ya PP1 na PP2 yako chini ya serikali za kaunti, na ukivuka kaunti unaweza kukuta mambo tofauti. Kitengela iko Kajiado, Imara Daima iko Nairobi, Athi River mjini iko Machakos. Piga simu au nenda shuleni uulize nafasi kabla ya kulipa nyumba. Kama unaweza kuchagua, hama likizo ya Desemba ili mtoto aanze mwaka na wenzake Januari. Mtoto wa PP2 mwaka unaofuata anaingia Gredi 1, kwa hivyo tafuta shule ambayo haitakulazimu kumhamisha tena.

4. Mvua ikinyesha inakuwaje?

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilifurisha mito ya Nairobi, Mathare na Athi, na familia nyingi zikapoteza vitu na makao. Nyumba nzuri ya Februari inaweza kuwa kisiwa Aprili. Angalia kuta za chini kama zina alama ya maji. Uliza mto au mtaro uko wapi. Muulize mtu wa boda kama yeye huingia hapo mvua ikinyesha. Akicheka, umepata jibu.

Nenda ukajionee

Picha za nyumba kwenye simu hazina harufu wala kelele. Nenda mwenyewe, na kama uko mbali, mtume ndugu unayemwamini. Akifika asiangalie nyumba pekee. Asimame stejini saa kumi na mbili asubuhi aone foleni ya watu wanaongoja matatu. Arudi saa mbili usiku aone kama njia ya kutoka stejini ina taa. Anunue sukuma kwa mama mboga na amuulize, "Hapa maji huja lini?" Mama mboga hana nyumba ya kukupangisha, kwa hivyo hana sababu ya kukudanganya.

Na yule ambaye atakaa nyumbani mchana na watoto ndiye awe na sauti kubwa katika kuchagua. Wewe utakuwa kazini. Yeye ndiye atajua kama kuna mahali pa mtoto kucheza au ni ngazi na barabara tu.

Pesa za kuingilia

Mwezi wa kwanza haufanani na mingine. Kwa mfano wetu wa Imara Daima, familia ingehitaji dipoziti ya mwezi mmoja 20,000, kodi ya kwanza 20,000, dipoziti ya maji na stima 3,000, na lori kutoka Nakuru 15,000. Jumla ni 58,000, na bado hamjajaza gesi.

Dipoziti si pesa umepoteza, lakini si pesa unaweza kutumia tena hadi siku ya kuhama. Ndiyo maana kuilipa kwa mkopo wa simu wa siku 30 ni hatari: mkopo unadai mwezi ujao, dipoziti inarudi baada ya miaka. Afadhali uanze kuweka akiba mapema. Miezi minne kabla ya kuhama, 58,000 ni 14,500 kwa mwezi. Kama hiyo ni nzito kwako, ni dalili kwamba kodi yenyewe ni nzito. Tafuta ya chini kabla hujafunga mizigo.

Kulipa dipoziti bila kulia

Hapa ndipo watu wanaohama hupoteza pesa nyingi, kwa sababu wana haraka na wako mbali. Fuata hatua hizi.

Kwanza, usitume chochote kabla wewe au mtu wako hajaingia ndani ya nyumba. Tapeli hupenda kusema, "Kuna watu watatu wanaitaka, tuma ya kushikilia." Wengine huomba pesa za kuonyeshwa nyumba, halafu simu inazimwa. Kisheria, ajenti wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa mawakala wa nyumba, kwa hivyo una haki ya kumuuliza stakabadhi zake.

Pili, gonga mlango wa jirani. Muulize analipa kodi kwa namba gani. Kama majirani wote wanalipa kwa Paybill ya mwenye nyumba na wewe umepewa namba ya simu ya mtu binafsi, simama hapo hapo.

Tatu, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha muamala. Liwe ndilo lililo kwenye mkataba. Ukiona jina usilolijua, katisha muamala na uulize. Pesa zikitumwa kimakosa, tujulishe mara moja. Mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha kunakuwa kugumu sana.

Nne, dai mkataba ulioandikwa: kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi, itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu gani. Piga picha za kuta, sinki na madirisha siku ya kuingia. Usifute ujumbe wa malipo. Siku ya kudai dipoziti yako, ujumbe huo na zile picha ndivyo vitakavyokuongelea.

Tano, mkishahamia, jihadhari na ule ujumbe wa "ile pesa ya kodi tuma kwa hii namba." Hautoki kwa mwenye nyumba hadi umpigie kwa namba unayoijua na akuthibitishie kwa sauti yake. Keateka akisema namba imebadilika, vivyo hivyo.

Zoezi la wiki hii

Hata kama hamhami hadi mwakani, kaeni chini usiku mmoja watoto wakishalala. Chukueni taarifa ya miamala, mjaze yale mafungu sita, kisha mwandike mitaa mitatu mnayoifikiria. Kwa kila mtaa jazeni mistari mitano: jumla ya mwezi, saa za barabarani, maji yanatoka wapi, kliniki iko umbali gani, shule ina nafasi au haina. Mstari ambao hamwezi kujaza ndio wa kwenda kuuliza kabla shilingi yoyote haijatoka kwenye simu.