Monita ya Steshenari: Inchi Pekee Hazitoshi

Steshenari ni mradi uliozoeleka miongoni mwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Katika maandiko ya miradi ya aina hiyo, printa huelezwa kwa kirefu na mashine ya fotokopi kwa kirefu zaidi, ilhali monita huweza kuandikwa kwa mstari mmoja tu: “monita moja, inchi 24.” Mstari huo humpa muuzaji uhuru mkubwa mno. Mmoja ataleta monita itakayofanya kazi kwa miaka mingi. Mwingine ataleta ya inchi zilezile, yenye mwanga uliofifia na isiyo na tundu linaloingiana na kompyuta ya kikundi, na kwa mujibu wa maandishi wote wawili watakuwa wametimiza wajibu wao. Marejesho ya mkopo yatakuwa yaleyale.

Faida ya monita ya ziada huonekana zaidi pale ambapo mteja anajaziwa fomu. Kioo cha kompyuta mpakato, ambacho kwa kawaida ni cha inchi 14 au 15, humtosha anayechapa lakini hakimtoshi aliyeketi upande wa pili wa meza. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, au mfanyabiashara anayeomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, hutaja jina lake kwa mdomo kisha hungoja. Herufi moja ikikosewa, jina haliwiani tena na lile la cheti au la kitambulisho cha taifa, na kulirekebisha humgharimu nauli na muda. Monita ya pili ikielekezwa kwa mteja, mwenye jina hulisoma mwenyewe kabla ya fomu kutumwa. Katika kompyuta zenye Windows, kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi P, mtumiaji huchagua ama picha ileile ionekane kwenye vioo vyote viwili, ama kila kioo kioneshe kazi yake. (Monita hiyo isielekezwe barabarani, kwani namba ya kitambulisho haikuandikwa kwa ajili ya wapita njia.)

Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoitazama kwa mshazari. Inchi 24 ni takriban sentimita 61. Kipimo hicho hueleza ukubwa wa kioo tu. Ubora wa maandishi hutegemea pia idadi ya nukta zinazounda picha. Monita ya kazi za ofisi yafaa iwe na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili.

Hapa ndipo wengi hushawishika kununua televisheni ya inchi 32 kwa hoja kwamba ni kubwa na yaweza kutazamiwa mpira jioni. Televisheni nyingi za ukubwa huo zina nukta 1366 kwa 768, ambazo hazifiki hata milioni moja na laki moja. Maana yake ni kwamba takriban nusu ya nukta za monita ya inchi 24 zimetandazwa juu ya eneo ambalo ni kubwa kuliko la monita hiyo kwa zaidi ya robo tatu. Mtu aliye mbali, kwenye kochi, haoni kasoro. Anayechapa mitihani akiwa umbali wa mkono mmoja huona herufi zenye kingo za ngazi ngazi, na mara nyingine televisheni hukata kingo za picha hata sehemu ya chini yenye saa ikapotea. Monita ya inchi 27 yenye nukta 1920 kwa 1080 nayo haioneshi maneno mengi zaidi kuliko ya inchi 24, bali huyakuza. Kwa mwenye macho dhaifu hilo ni jambo jema. Kwa wengine ni fedha iliyozidi.

Jambo linalosababisha safari nyingi za kurudi dukani ni matundu ya kuchomekea waya. Tundu la VGA, lililoanza kutumika mwaka 1987, lina vishimo 15 katika safu tatu na mara nyingi huwa la buluu. Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni kwa kawaida hazina tundu hilo. Zina HDMI, ambayo ni nyembamba na pana. Kompyuta yenye HDMI yaweza kuunganishwa na monita yenye VGA pekee, lakini kwa adapta yenye saketi ndani yake, inayogeuza mawimbi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Adapta hiyo hupitisha picha upande mmoja tu. Iliyotengenezwa kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ikigeuzwa, hata kama vichwa vyake vinaingia vizuri.

Monita zilizotoka maofisini huweza kuwa na matundu ya VGA, DVI na DisplayPort bila HDMI. Hilo lisimkatishe mnunuzi tamaa. Waya rahisi wa HDMI kwenda DVI hupeleka picha safi bila adapta yenye saketi, ingawa haupeleki sauti kwa uhakika. DisplayPort ina masharti zaidi: waya wa kawaida wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI huhitaji kompyuta iwe upande wa DisplayPort, kwa hiyo kompyuta yenye HDMI haitaoneshwa kwenye monita hiyo kwa waya huo. Vilevile, si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine huchaji na kusafirisha mafaili tu. Njia salama kuliko maelezo yote ni kwenda dukani na kompyuta yenyewe.

Kuhusu mpya au iliyotumika, monita iliyotumika ya daraja la ofisi mara nyingi hushinda monita mpya ya bei ya chini kabisa. Ya ofisi huwa na mguu unaopanda na kushuka, na nyingi ni za aina ya IPS, ambayo rangi zake hazigeuki mtu akitazama kutoka pembeni. Kwa monita itakayotazamwa na watu wawili kwa pamoja, sifa hiyo ina thamani kuliko upya wa boksi. Aina ya TN ni nafuu, lakini ikitazamwa kutoka juu au chini rangi hugeuka na kufifia.

Iliyotumika lazima ikaguliwe, na ukaguzi wa dakika mbili hautoshi. Iwashwe kwa takriban nusu saa, kwa kuwa taa iliyochoka huweza kuanza kupepesa baada ya kupata joto. Ukurasa mtupu ufunguliwe ujaze kioo: manjano kwenye kingo ni dalili ya taa iliyozeeka. Picha nyeusi hufichua mwanga unaovuja, na picha za rangi mojamoja hufichua nukta zilizokufa na mistari. Vitufe vyote vibonyezwe. Kisha monita igeuzwe, kibandiko cha nyuma kisomwe. Hapo mara nyingi huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, pamoja na umeme unaohitajika. Maandishi “100–240V” yanaonesha kuwa itakubali umeme wa nchini wa volti 230. Zile za zamani zinazomulikwa kwa mirija midogo badala ya LED hula umeme zaidi, na mirija hiyo ina zebaki, hivyo ikiharibika isivunjwe wala kuchomwa moto. Monita ya LED ya inchi 24 hutumia takriban wati 20. Ikiwaka saa nane kwa siku, uniti moja huitosha siku sita.

Sifa nyingine zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kama vile kasi ya hezi 144, mwitiko wa milisekunde moja na kioo kilichopinda, ni za wacheza michezo ya kompyuta. Kwa kuchapa barua, hezi 60 zatosha.

Kwa hiyo kikundi kinapoomba profoma, maelezo yafaa yasomeke hivi: monita ya inchi 24, aina ya IPS, nukta 1920 kwa 1080, taa ya LED, yenye tundu la HDMI pamoja na waya wake, umeme wa volti 100 hadi 240, mpya au iliyotumika kama itakavyokubaliwa, na muda wa waranti utajwe. Bei za wauzaji wawili au watatu zikilinganishwa kwa maelezo hayo, zitakuwa bei za kitu kimoja. Siku ya kulipa, risiti ya mashine ya EFD idaiwe, na namba ya utambulisho iliyo nyuma ya monita iandikwe kwenye hati ya mauzo mbele ya muuzaji, ili monita itakayorudishwa kwa waranti ijulikane kuwa ndiyo iliyouzwa.