Baiskeli Baada ya Miaka Mingi: Rudi Taratibu



Wengi wetu tuliendesha baiskeli tulipokuwa vijana, kisha tukaiacha tulipopata kazi, familia na usafiri wa daladala. Leo daktari anatuambia tufanye mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari au uzito, na baiskeli ile tunaikumbuka.

Hili ni jambo jema. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Abdullah bin Amr (R.A.) kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Lakini ipo hatari ambayo watu hawaioni. Ufundi wa kuendesha baiskeli hausahauliki, hata ikipita miaka 20. Moyo, mapafu na misuli hupoteza uwezo wake ndani ya wiki chache tu za kukaa bure. Hivyo mtu hupanda, akaona anakwenda vizuri, akadhani bado ana nguvu za ujana. Hapo ndipo anapoumia.

Kabla ya kuanza

Pima shinikizo la damu na sukari. Ikiwa umewahi kupata maumivu ya kifua, kiharusi au maradhi ya moyo, usianze bila ya ushauri wa daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari achukue kitu kitamu mfukoni, kwani mazoezi huishusha sukari zaidi.

Kisha kagua baiskeli yenyewe: breki zote mbili, upepo wa matairi, mafuta ya cheni na kengele.

Siti nayo ina umuhimu wake. Wengi huishusha ili miguu yote miwili ifike chini, na matokeo yake ni maumivu ya magoti. Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Ratiba ya wiki sita

Wiki ya kwanza endesha dakika 15, siku tatu, kwenye njia tambarare, na pumzika siku moja katikati. Kila wiki ongeza dakika 5, hadi wiki ya nne ufikie dakika 30. Wiki ya tano endesha siku nne, na ya sita siku tano. Hapo utakuwa umetimiza dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwa watu wazima.

Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza bila ya kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza. Dini yetu imetufundisha kuwa amali inayodumu, ijapokuwa ndogo, ndiyo inayopendeza zaidi kwa Allah, na mazoezi nayo ni hivyo hivyo.

Usafi na mavazi

Jasho likikaa kwenye nguo za kubana huleta fangasi, hasa kinenani. Oga, jikaushe vizuri na ubadilishe nguo. Ukihisi ganzi sehemu za siri, inuka kwenye siti mara kwa mara, na hakikisha siti imelala sawa. Akina mama wachague baiskeli ya kike yenye kava ya cheni, na buibui lisiachwe likaning'inia karibu na spoku. Wakati mzuri ni baada ya Sala ya Alfajiri, kukishapambazuka. Pita upande wa kushoto, vaa nguo ya rangi inayong'aa na kofia ngumu. Mwezi wa Ramadhani endesha baada ya kufuturu, ukiwa na taa.

Dalili za kusimama

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, ukipata kizunguzungu au jasho la baridi, simama papo hapo. Usijikaze kurudi nyumbani kwa baiskeli. Omba msaada, upelekwe hospitali. Kujitia katika maangamizi kumekatazwa, na kusimama kwa wakati si udhaifu.

Maumivu ya mapaja kwa siku mbili tatu za mwanzo ni ya kawaida. Maumivu ya goti yanayoendelea si ya kawaida, yaonyeshe kwa daktari.

Tunamuomba Allah atujaalie afya njema tuitumie katika kumtii.

Wabillahi Tawfiiq.