Kicheza muziki chako kikianza kudai ada ya kila mwezi

Programu uliyoinunua mara moja ikigeuka ya kulipia kila mwezi, usikimbilie kulipa wala kuifuta. Anza na haya.

1. Zima usasishaji wa kiotomatiki hadi usome masharti mapya. Mara nyingi toleo la zamani huendelea kufanya kazi.
2. Tunza faili la kusakinishia, namba ya leseni na risiti.
3. Hamisha orodha zako za nyimbo kwa muundo wa M3U. Hapa ndipo wengi huumia: MP3 na FLAC hupigwa na programu nyingi, lakini orodha na nyota ulizozipa nyimbo kwa miaka mara nyingi hukaa ndani ya programu yenyewe, na ukiifuta hupotea nayo.
4. Nakili nyimbo zote kwenye diski ya nje.
5. Jaribu VLC au foobar2000, zote za bure; kwa msikilizaji wa kawaida zinatosha kabisa.
6. Piga hesabu ya ada ya mwaka mzima, si ya mwezi.
7. Toa maoni yako kwa waundaji, kisha vuta subira: Audirvana, kampuni ya Ufaransa inayounda kicheza muziki, ilileta toleo la Studio la kulipia kila mwezi mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaleta Origin, ya kununua mara moja.
8. Usidhani kufuta programu kwenye simu kunasitisha malipo. Ingia Google Play au App Store uyasitishe mwenyewe. Kwa App Store, kama bado uko kwenye muda wa majaribio, fanya hivyo angalau saa 24 kabla haujaisha.