Nimetibiwa kichocho, mbona kipimo bado ni chanya?

Swali: Nilimeza dawa ya kichocho mwaka jana hapa Ukerewe. Juzi kipimo cha kingamwili kimeonyesha chanya. Dawa haikufanya kazi?

Jibu: Si lazima. Kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi, hata miaka, baada ya minyoo kufa. Kipimo hicho kinamfaa zaidi mgeni aliyeogelea ziwani kisha akarudi kwao. Kwako wewe uliyekulia kando ya Ziwa Victoria, hakitenganishi ugonjwa wa zamani na wa sasa. Omba choo kikubwa kiangaliwe kwa hadubini kutafuta mayai, tena kwa siku zaidi ya moja, maana yakiwa machache hupita bila kuonekana. Mayai hai yakipatikana, utameza prazikwanteli tena. Ila kama bado unaingia majini kuvua, usiilaumu dawa haraka: huenda umeambukizwa upya.