Siku ya Mauzo Mazuri Ndiyo ya Hatari

Swali: Nauza mboga hapa Kitengela. Nikiuza vizuri najipongeza kwa nyama; siku mbaya nakopa Fuliza. Mwisho wa mwezi sioni kitu. Nifanyeje?

Jibu: Mama, mauzo yako hayana shida, shida ni kwamba umeufanya moyo kuwa mhasibu. Kila jioni kabla ya kushusha turubai, gawa pesa kwa mpangilio uleule, uwe umeuza 1,500 au 4,000. Kwanza toa ya kurudi sokoni alfajiri. Hiyo si yako, ni ya sukuma wiki ya kesho. Kisha akiba, hata shilingi 100, iende kwenye akiba ya M-Shwari kwenye simu yako. Kinachobaki ndicho cha nyumbani, nyama ikiwemo.

Fuliza, iliyoanza 2019, hutoza ada na kujilipa mara tu pesa inapoingia kwenye M-Pesa yako. Mteja wa asubuhi akikutumia pesa, anakulipia deni la jana. Na kuhusu kuutoa moyo kwenye hesabu, tazama majirani zako wafugaji wa Kajiado: mbuzi huuzwa karo ikifika, hauzwi kwa sababu mwenyewe ameamka na hasira.

Anza leo jioni, hata kama umeuza kidogo.