Kumpiga Nesi ni Kesi

Tuchukue usiku kama huu. Ni Jumamosi, saa nne, na pikipiki imegongwa kwenye barabara ya Namanga. Wanabodaboda wanamshusha mwenzao kwenye mlango wa hospitali moja ya Kitengela, mguu umevunjika, wengine wanapiga honi nje. Ndani kuna nesi mmoja. Mezani kuna mtoto mwenye degedege. Nesi anasema, "Nisubirini kidogo, huyu ataniponyoka." Mmoja wao anamkamata kola, anamsukuma ukutani, na mfuko wa koti unachanika.

Hasira hiyo ina chanzo. Katika chumba cha dharura foleni haiendi kwa aliyetangulia kufika, bali kwa aliye karibu zaidi na kifo, na ni nadra mtu kumweleza ndugu wa mgonjwa hivyo. Anachoona yeye ni damu ya mwenzake sakafuni. Uchungu wake ni wa kweli, lakini haumpi ruhusa ya kuinua mkono.

Kenya inawalinda wahudumu wa afya kwa sheria zile zile zinazomlinda kila mtu, na si sheria nyepesi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, shambulio la kawaida, hata lisiloacha alama, lina kifungo cha hadi mwaka 1 (kifungu cha 250). Likiacha jeraha, kifungu cha 251 kinafikisha miaka 5. Aliyepigwa akipofushwa jicho au kuachwa na kilema, hayo ni madhara makubwa, na kifungu cha 234 kinaruhusu kifungo cha maisha. Kifungu cha 253 nacho kinamgusa anayemshambulia mtu kwa sababu ya kazi aliyotwikwa na sheria: hadi miaka 5. Kutishia kuua, kwa mdomo au kwa maandishi, ni hadi miaka 10. Hata kuvunja dirisha la famasi kwa makusudi ni kosa la jinai.

Uingereza iliamua kutunga sheria ya pekee mwaka 2018 kwa ajili ya wahudumu wa dharura, wakiwemo wa hospitali, na baadaye ikaongeza kifungo cha juu kutoka mwaka 1 hadi 2. Kwetu tatizo kubwa ni kesi zinazofia langoni. Mzee mmoja anaingilia kati, aliyepiga anaomba radhi, nesi anarudi zamu na shingo inauma. Upatanisho unaruhusiwa: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama nafasi ya kuuhimiza kwa makosa madogo ya kibinafsi. Lakini ni mahakama inayopima, na nesi asishurutishwe kusamehe ili zamu iendelee.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mgonjwa amheshimu mhudumu. Inampa mhudumu haki ya kufanya kazi mahali salama, na ya kukataa kumtibu anayemtukana au kumpiga, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Kwa hiyo yule wa mguu uliovunjika atatibiwa, hata rafiki yake akiwa ameshikwa na polisi. Sheria hiyo hiyo inampa mwananchi haki ya kulalamika na lalamiko lake lichunguzwe, na hospitali yenye uwezo ikikataa kumtibu mtu wa dharura inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Mwenye kinyongo ana mlango wa kubisha.

Aliyepigwa aripoti kituo cha polisi mapema na asiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Atapewa fomu ya P3, ya kuandikiwa majeraha. Nesi ambaye kila wiki huona wengine wakijaziwa fomu hiyo, safari hii ndiye anayepimwa, na michubuko yake inaandikwa mmoja mmoja. Mwajiri naye aarifiwe, maana jeraha la kazini lina fidia chini ya sheria ya mwaka 2007, na yeye ana siku 7 za kuripoti ajali hiyo kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Majina ya waliokuwa kwenye benchi yaandikwe usiku huo huo. Kesi ikisikilizwa Kajiado mjini, shahidi atasafiri kama kilomita 50, na ni vyema ajue mapema. Picha za kamera zihifadhiwe kabla hazijafutika. Koti lililochanika lisifuliwe wala kushonwa kabla mpelelezi hajaliona.